Kipengele cha Saba

Washenga walifika Dongobesh siku ya mnada, kosa ambalo Sauda hajawasamehe mpaka leo. Siku ya mnada nyumba yake huwa mbele ya macho ya wote: wanaoshusha magunia, wanaopakia mbuzi, na wanaojifanya wanauliza bei ya soketi dukani kwa mumewe kumbe wanachungulia uani. Wazee wawili wenye kanzu zilizopigwa pasi, waliotoka Katesh kwa gari la kukodi, hawafichiki. Hata kabla hawajavua viatu, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshapaza sauti, "Mama Salma, leo kuna nini?"

"Kuna wageni," Sauda akajibu, akavuta pazia.

Ndani, mumewe Halfani aliwakaribisha kwenye kiti kirefu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, fundi wa zamani wa simu za waya, na sasa mwenye duka dogo la vifaa vya umeme. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Salma, naye ametimiza thelathini. Miaka thelathini bila mume, katika mji mdogo, ni habari ambayo majirani huiulizia mara mbili kwa wiki kwa sauti ya huruma.

"Kijana wetu ameona ua ndani ya boma lako," mshenga mkubwa alisema baada ya chai. "Tumekuja kuomba tulimwagilie maji."

Akatoa barua iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Nyuma ya pazia Sauda alikuwa ameshakunja ulimi, vigelegele viko mlangoni. Halfani alivaa miwani, akasoma salamu, akasoma dua, akafika kwenye jina. Hapo akasimama. Akalirudia jina lile kwa macho, kisha akaikunja barua taratibu kwa mikunjo yake ile ile.

"Shabani," alisema. "Mdogo wake Farouk."

"Ndiye huyo. Tumbo moja."

"Nipeni siku saba."

Mshenga alitabasamu, maana siku saba ni desturi. Hakujua kwamba mzee huyu hakuziomba kwa ajili ya desturi.

Nyuma ya duka la Halfani kuna chumba cha hatua nne kwa tatu, na mlango wake una makufuli matatu. Ndani mlikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati mtambo usiozidi sinia la pilau, wenye taa ndogo za kijani zilizokuwa zikikonyeza usiku na mchana. Katika wilaya hizi mbili wako watatu wanaouza intaneti kwa minara yao midogo: Akonaay wa Mbulu mjini, anayefika mpaka Tumati, Farouk wa Katesh, anayefika mpaka Basotu, na Renatus, ambaye mtandao wake umeunganisha shule na hospitali. Zamani mteja wa Akonaay akimtumia picha mteja wa Farouk, nao wametenganishwa na safari ya asubuhi moja tu, picha ilikwenda Dar es Salaam, pengine ikavuka bahari, ndipo ikarudi, na safari yote hiyo ililipiwa. Siku hizi nyaya za watatu hawa zilikutana kwenye sinia lile, na picha ilipita chumbani kwa Halfani ikafika kabla mtumaji hajameza mate. Watu walipaita Makutano.

Mwanzoni mtambo uliwekwa Katesh, stoo kwa Farouk. Siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne, waya wa Akonaay ukakutwa umechomoka. Siku mbili nzima wateja wake walihangaika, na wengi wakahamia kwa Farouk. Farouk aliapa kwamba ni panya. Akonaay mpaka leo anauliza ni panya gani huyo anayejua kuchomoa asijue kutafuna.

Ikabidi watafute mahali pasipo pa mtu. Lakini huku kila mtu ni shemeji au binamu wa mwenzake, na kila jina lililotajwa lilikataliwa. Mwisho mmoja wao akasema, "Yule Mrangi wa duka la umeme. Yule hana mtu." Halfani na mkewe walikuwa wamehamia kutoka Kondoa miaka arobaini iliyopita. Kwenye kila msiba wa Dongobesh alipewa kiti cha plastiki upande wa wageni. Hakuwa na mjomba wa kumsemea barazani wala shangazi wa kumgombeza, na jambo hilo lilimuuma miaka yote ingawa hakulitamka. Basi siku walipokuja watatu wale kumwomba chumba kwa sababu hana mtu, alijiona amepandishwa cheo kwa umaskini wake mwenyewe.

Kanuni alizitunga yeye. Aliyezichapa ni Salma, wakati huo ana miaka ishirini na minne, katoka chuo Arusha, na ndiye aliyeufunga mtambo kwa mikono yake. Kipengele cha tano kilisema mlango usifunguliwe mpaka wenye funguo watatu wawepo wote. Kipengele cha saba kilisema mtunzaji wa chumba, na mtu yeyote wa nyumba yake, asiwe na undugu wala ushirika wa biashara na upande wowote. Nyumba hii ilikishika hata kwa mambo madogo: intaneti ya nyumbani ilinunuliwa kwa zamu, mwezi huu kwa Akonaay, ujao kwa Renatus, unaofuata kwa Farouk, asije mtu akasema.

---

"Unamfahamu huyu kijana?" Halfani aliuliza jioni ile.

Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho kwenye vidole vyake. "Namfahamu, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tulipobadilisha feni. Renatus alipata pancha njiani."

Halfani aliikumbuka. Feni ilikufa, kipengele cha tano kikawaita watatu. Renatus akakwama njiani saa nne nzima, Akonaay akaenda zake sokoni, na aliyebaki kwenye benchi la nje ni kijana wa Katesh mwenye ufunguo wa kaka yake. Salma alikaa ncha ya pili ya benchi na bisibisi mkononi. Waliongea habari za feni, kisha habari za vyuo, kisha Shabani akamuuliza kama haoni uchovu kuunganisha watu mchana kutwa huku yeye mwenyewe kafungiwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza Salma jambo hilo. Baadaye kila kifaa kilichoharibika kilimletea masaa ya kungoja, naye akaanza kuyatamani maharibiko. Hilo hakumwambia baba yake.

"Kwa hiyo miaka mitatu," alisema Sauda. "Miaka mitatu mnanificha mimi, mama yako, nikiulizwa sokoni nasema mwanangu anasubiri riziki!"

"Mama, ningesemaje? Kile kipengele nimekichapa mimi."

"Kipengele!" Sauda aliegemeza mgongo ukutani. Ukuta ule ndio uliopakana na chumba cha mtambo, na siku zote ulikuwa na joto. Katika baridi ya Mbulu alikuwa akipumzishia hapo mgongo wake mbovu, na paka alilala chini yake. "Hilo sinia litakuja kunifukia mimi? Litaniletea wajukuu?"

Halfani alimtaka mkwe, alimtaka sana. Alitaka kuingia nyumba fulani Katesh akaambiwa keti huku ndani, siyo huko. Na alitaka pia kubaki yule ambaye wilaya mbili zinamwachia mlango wao. Hakuona namna ya kuvipata vyote.

---

Jumapili, Akonaay na Renatus walikuja pamoja. Wanaume hawa, ambao kwa kawaida hushindana hata kwa rangi ya minara, walikuja kwa pikipiki moja. Habari za posa zilikuwa zimefika Mbulu kabla ya jua kuchwa siku ya mnada.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Karibuni chai."

"Tumeshakunywa," alisema Akonaay.

Walikuwa hawajanywa, na kila mtu pale alijua. Kwa miaka sita hakuwahi kuondoka kwa Halfani bila vikombe viwili. Sauda alikirudisha kikombe jikoni kama alivyokileta, kimejaa.

"Tunaomba kuangalia tu," Renatus alisema kwa aibu. Alikuwa mtu mpole, aliyewahi kusoma seminari, na neno la ukali lilimshinda. Kwa kuwa ufunguo wa Farouk haukuwepo, mlango haukuweza kufunguliwa. Basi wakazunguka nyuma, wakasimama kwenye dirisha la wavu, na Renatus akaanza kuhesabu taa kwa kidole. Salma alitoka na karatasi ya vipimo vya mtambo, ambavyo nyumba ile huvisoma kila siku kupitia wavu huo, ili awaonyeshe.

"Dada, wewe ngoja kidogo," alisema Akonaay bila kumtazama. "Tuangalie wenyewe."

Salma alibaki na karatasi yake mkononi. Kila waya uliokuwa mle ndani una kibandiko alichokiandika yeye.

Walipomaliza, Akonaay alimgeukia Halfani. "Mzee wangu, sisi hatuna ugomvi na ndoa. Ndoa ni jambo la heri. Ila mtoto akiolewa kwa Farouk, mimi nachukua waya wangu na Renatus anachukua wake. Tusidanganyane."

"Na asipoolewa?"

Akonaay alitazama chini. "Hilo mimi siwezi kulisema."

---

Jumanne asubuhi mtandao wa Akonaay ulianza kuvuta miguu upande wa Tumati. Picha hazifunguki, sauti zinakatika. Akonaay hakuuliza. Alikumbuka panya wa Katesh, akamkumbuka Shabani, na ilipofika saa tano akazima kiungo chake cha Makutano akiwa huko huko Mbulu. Kuanzia hapo kila kilichotoka kwa wateja wake kikarudi kwenye mzunguko wa zamani, Dar es Salaam na ng'ambo na kurudi.

Saa sita simu ya Salma ililia. Ni Violeth, muuguzi wa zahanati moja ya Tumati, ambaye kila wiki hutuma picha za vipimo vya wajawazito kwa daktari aliyeko Mbulu, hospitali inayotumia mtandao wa Renatus.

"Dada Salma, picha yangu ina saa nzima inazunguka tu. Kuna nini huko?"

"Akonaay amekata, dada. Ni mambo ya..."

"Ya posa yako. Nimesikia, huku wote tumesikia. Sasa nisikilize. Mimi sijui habari za wachumba. Mimi nina mama hapa anavuja maji tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na daktari anasubiri hiyo picha ndiyo aniambie nimpakie au nimwache."

"Mpakie," Salma alisema. "Usisubiri. Mpakie."

Mama yule alipakiwa kwenye gari la viazi, akafika Mbulu akiwa hai, na mtoto akatolewa hai. Picha ilifika dakika ishirini baada ya mama mwenyewe. Violeth alipopiga kusema hivyo hakuwa na hasira tena, alikuwa analia. Salma naye alikaa chini kwenye benchi la nje.

Shabani alimpigia mara tatu siku ile. Mara ya tatu akapokea.

"Nije nikusaidie kutafuta tatizo?"

"Usije. Usiguse hata pikipiki yako. Ukionekana Tumati leo, mimi nimekwisha."

"Salma."

"Najua," alisema. "Najua. Kaa huko."

Jumatano alikodi bodaboda, akapanda mpaka kilimani Tumati, ambako mlingoti wa Akonaay umesimama kwenye malisho. Hakuhitaji kufungua hata kisanduku. Dume kubwa jeusi la ng'ombe lilikuwa limeegemea mlingoti, limefumba macho, linajikuna shingo kwa raha zote, na kila likijikuna antena kule juu inageuka kidogo na kutazama upande wa mashamba ya watu. Mchungaji wake, mzee Gidamis, alikuwa amekaa jirani na fimbo yake.

"Shikamoo Babu. Huyu ana siku ngapi hapa?"

"Marahaba. Ana upele," alisema Gidamis. "Tangu juzi. Huo mti wenu umemfaa sana."

Salma alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakujua kuacha. Mzee Gidamis alitazama pembeni kwa adabu. Salma alipotulia alimpigia Akonaay, akamwambia neno moja tu: njoo.

Akonaay alifika baada ya saa mbili. Aliliona dume, akaona manyoya meusi yaliyonata kwenye chuma, akatazama juu kwenye antena. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe," alisema. "Yule mama angekufa, ningesema nini mimi?"

"Umeona sasa kwamba sikufanya kitu."

"Nimeona. Hukufanya kitu kabisa, na mimi sikukuamini. Ndiyo shida yenyewe hiyo, Salma. Wewe utaolewa, utakaa miaka arobaini hujagusa waya wangu, na kila ng'ombe akijikuna mimi nitamfikiria mume wako. Siwezi kujizuia. Najijua."

Salma alitaka kumjibu kwa ukali, akaacha. Alikuwa amelijua hilo tangu siku alipokichapa kipengele. Kisha akapanda mlingoti, akaigeuza antena, akaikaza nati. Akonaay alimshikia ngazi.

---

Alhamisi, wakati wa chai ya asubuhi, Salma aliweka kitambaa cheupe mbele ya baba yake.

"Waandikie, Baba. Waambie hapana."

Sauda aliyekuwa anamimina chai aliacha kikombe kikafurika.

"Umeongea naye?" Halfani aliuliza.

"Nimeongea naye. Amesema ataacha kazi kwa kaka yake akalime vitunguu Basotu. Nimemwambia ukiacha kazi utaacha na tumbo la mama yako?" Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kulia jikoni. "Kuna mama mmoja Mbulu ananyonyesha leo, Baba. Angekuwa amezikwa jana. Sitaki kuolewa juu ya jambo hilo."

Halfani aliichukua barua, hakuifungua. Feni ilisikika upande wa pili wa ukuta.

"Unajua kwa nini walinichagua mimi?"

"Kwa sababu hukuwa upande wowote."

"Hayo ni maneno ya kwenye karatasi. Walinichagua kwa sababu sina mtu. Nikifa leo, Dongobesh hii hakuna atakayesema nimefiwa, ila wewe na mama yako. Kazi hii nimeifanya kwa raha, sikatai. Nikisikia hiyo feni nasema angalau wanapita kwangu, hata kama hawanijui. Wanapita kwangu mchana na usiku, kuliko ndugu." Alivua miwani, akaifuta kwa shuka. "Lakini nilivyokusikia juzi unalia nikajiuliza, namrithisha nini huyu? Chumba na makufuli? Sitaki na wewe uaminiwe kwa sababu huna mtu."

"Baba, ukiwaachia utabaki na nini?"

"Nitabaki na mkwe," alisema Halfani, akajaribu kucheka. "Na wewe je? Ukiolewa hutaugusa tena. Unajua hilo?"

"Najua."

"Hata siku moja."

"Najua, Baba."

Sauda aliegemea ukuta wake wa joto, akafunika uso kwa kanga.

---

Ijumaa, akitoka msikitini, Halfani hakupitia nyumbani. Aliteremka mpaka mwisho wa soko, kwenye ghala la vitunguu saumu la mjane aitwaye Fransiska. Aliolewa huku akitokea Iramba. Mume alifariki, watoto hakujaliwa, na ukoo wa mume ukamwachia ghala lile kwa shingo upande baada ya kuchukua shamba. Lilikuwa ghala zuri, kavu, lenye hewa inayopita juu na chini, maana kitunguu saumu hakitaki unyevu. Mtambo nao hautaki.

Fransiska alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua vitunguu.

"Mnataka kuniaminia mimi? Mzee Halfani, simu yangu ni ya tochi."

"Ndiyo vizuri. Huna mtandao wa mtu."

"Na sababu nyingine?"

Halfani alisita. Mwanamke yule alimtazama, kisha akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ameelewa, na hakukasirika.

"Basi angalau mtakuwa mnakuja," alisema. "Humu huwa napitisha wiki sijaamkiwa."

"Watakuja watatu kwa mpigo. Kipengele cha tano."

"Watatu!" alisema Fransiska, akacheka peke yake kwa muda.

Jumamosi washenga walirudi, tena siku ya mnada, wakapewa jibu lao. Sauda alipiga vigelegele vilivyosimamisha hata waliokuwa wanapandisha mbuzi, na muuza nyanya akapata alichokuwa akikitaka.

---

Mtambo ulihamishwa mwezi mmoja kabla ya ndoa. Akonaay, Farouk na Renatus walisimama mlangoni, kila mmoja akafungua kufuli lake, na Salma akaingia kwa mara ya mwisho. Walikubaliana kwamba kwa siku ile afanye yeye, kwa kuwa bado ni msichana wa nyumba ya Halfani na hakuna mwingine anayeijua kazi. Alizima. Feni ilizunguka mara chache kwa uvivu, ikasimama. Halfani alikuwa hajawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya, akatoka nje akisingizia kumpokea mteja dukani.

Waliushusha kwa mkokoteni mpaka kwa Fransiska, kwenye kichumba kilichotengwa kwa wavu pembeni ya ghala. Salma alichomeka waya mmoja mmoja kwa kufuata vibandiko vyake, na taa ya kwanza ikawaka kijani, ya pili, ya tatu. Renatus alipiga simu hospitali, ikapokelewa. Farouk akampigia mkewe Katesh, akapokea. Wanaume wakapeana mikono, wakasahau kwa dakika moja kwamba hawapendani.

"Vipimo vyake unaviandika saa kumi na saa mbili," Salma alimwelekeza Fransiska. "Feni ikibadilisha sauti, uwaite. Ikianza kama inakohoa, ujue ni vumbi. Na hii waya ya tatu, usiikunje sana, ina..."

"Dada Salma," alisema Akonaay taratibu. Alikuwa mlangoni, kufuli mkononi. Hakukuwa na ukali hata kidogo, alikuwa kama mtu anayeomba msamaha. "Sasa imeshawaka."

Salma alielewa. Aliweka bisibisi juu ya kabati, kisha akakumbuka kwamba ni yake, akaichukua. Akatoka. Makufuli matatu yakafungwa mbele yake, la nne, la mlango wa ghala, likawa la Fransiska. Alisimama pale nje kwenye maganda ya vitunguu, akiisikia feni ndani ikichukua kasi, na Shabani aliyekuwa amengoja ng'ambo ya barabara muda wote akaja akasimama kando yake. Hakumgusa, maana walikuwa bado hawajaoana na soko zima linatazama.

"Inakohoa kidogo," Salma alisema.

"Nimesikia."

"Ni vumbi la njiani. Mtu angeifuta tu na kitambaa."

Hakuna aliyefungua.

---

Julai baridi ilikuwa kali. Salma alikuwa na mwezi wa pili Katesh, kwa mumewe. Chumba cha nyuma Halfani alikijaza maboksi ya balbu, lakini ilipofika saa kumi, saa ya vipimo, miguu yake ilimpeleka huko yenyewe, na kalamu sikioni. Hukaa juu ya boksi kidogo, akarudi. Paka alihamia jikoni. Sauda alinunua chupa ya kuweka maji ya moto mgongoni, akalalamika kwamba inavuja, na hakutaja kitu kingine.

Alasiri moja akiwa amekaa humo, simu yake ilitetemeka. Uso wa Salma ulijaa kwenye kioo, ushungi mpya wa rangi ya zambarau, nyuma yake sauti za watoto wa Farouk.

"Shikamoo Baba. Unaniona?"

"Marahaba. Nakuona vizuri sana. Yaani kama umekaa hapa mlangoni."

Alikuwa bado ananunua intaneti kwa zamu, ingawa hakuna tena aliyemdai afanye hivyo. Mwezi huu ulikuwa wa Akonaay. Salma yuko kwenye mtandao wa Farouk. Kwa hiyo uso ule, kabla ya kumfikia, ulikuwa umepita mwisho wa soko, kwenye ghala la vitunguu saumu, hatua mia tatu kutoka alipokaa. Wote wawili walijua.

"Kwa Mama Fransiska mambo ni mazima," Salma alisema. "Hukatiki hata kidogo."

"Anaifuta vumbi?"

"Mimi nitajuaje, Baba?"

Picha ikayumba, ikapita dari, ikapita dirisha lenye mlima, na uso mwingine ukatokea karibu mno, nusu ya pua na jicho moja. Alikuwa mama yake Shabani na Farouk, kikongwe asiyejua kushika simu.

"Mkwe!" alipaza sauti, kana kwamba anamwita kutoka ng'ambo ya bonde. "Mkwe wangu, mbona hujaja? Tumekuwekea kiti huku ndani, hakuna anayekikalia. Unanisikia, mkwe?"

Miaka arobaini Halfani alikuwa hajaitwa hivyo na mtu.

"Nakusikia," alisema. "Nakusikia, mkwe. Nakuja."

Alikuwa ameweka kiganja ukutani, pale palipokuwa na kabati, kama alivyozoea, akiwa upande wa pili, kupima kama mtambo haujapata joto sana. Alikiacha hapo muda wote bibi yule alipokuwa anaongea. Ukuta ulikuwa wa baridi.